Mtihani Aliofaulu Jasusi

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, dada zangu na kaka zangu mnaoandikia televisheni, itifaki imezingatiwa. Habari za jioni.

Mmeniomba nizungumze juu ya namna ya kufunga msimu. Nimekuja na msimu mmoja tu, na ndani ya msimu huo usiku mmoja tu: Jumatatu, tarehe 21 Desemba 1981, siku nne kabla ya Krismasi. Usiku huo BBC1 ya Uingereza ilirusha sehemu ya 52 ya Blake's 7, tamthilia ya kubuni ya mambo ya anga na siku zijazo. Sehemu yenyewe inaitwa "Blake". Ilifunga msimu wa nne, na haikuja nyingine baada yake. Nitawaambia mwisho wake sasa hivi, kwa makusudi, kwa sababu ninachotaka mkione hakimo kwenye mshangao.

Wote wanapigwa risasi. Blake, shujaa wa hadithi, anauawa na Avon, rafiki yake. Kisha wenzake Avon wanafuata: Dayna anaanguka, Vila anaanguka, Soolin anaanguka, Tarrant anaanguka. Avon anabaki peke yake, amesimama juu ya maiti ya Blake, askari wamemzunguka pande zote. Anainua bunduki. Anatabasamu. Picha inakatika, na milio ya risasi inasikika wakati majina yameanza kupita.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi, na ukumbi mzima unajua kwamba hafi. Watoto wa Uingereza nao walikuwa na sheria hiyohiyo. Nilipokuwa nasoma kule, mama mwenye nyumba wangu alinisimulia kwamba usiku ule alikuwa na miaka kumi. Majina yalipokwisha kupita, baba yake aliinuka akazima televisheni bila kusema neno, na nyumba nzima ikaenda kulala. Alinieleza hayo akiwa amesimama jikoni, birika mkononi, miaka zaidi ya ishirini baadaye, na sauti yake ilibadilika. Ndiye aliyenikopesha kanda zake. Nilizitazama zote kuanzia ya kwanza, usiku baada ya usiku, nikifika kila mahali nikijua mwisho unakuja. Kwa hiyo mimi mwenyewe sikuuonja mshangao hata kidogo. Na bado, nilipofika kwenye chumba kile, nililia.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Kama si mshangao, ni nini?

Tuanze na waliouandika. Blake's 7 ilibuniwa na Terry Nation, yuleyule aliyewabuni Dalek, maadui wa tamthilia ya Doctor Who. Alianza nayo tarehe 2 Januari 1978, na sehemu zote 13 za msimu wa kwanza aliziandika yeye. Lakini ile ya mwisho iliandikwa na Chris Boucher, na Boucher alikuwa mhariri wa miswada kwa misimu yote minne. Kila neno lililotamkwa na Avon kwa miaka minne lilipita mezani kwake. Alikuwa anajua nani alisema nini, lini, kwa nani. Hilo naomba mlikumbuke nitakapofika mbele, maana huku kwetu mara nyingi msimu wa mwisho hupewa mgeni ambaye hajatazama hata nusu ya uliotangulia.

Hadithi ni hii. Kuna dola inayoitwa Shirikisho, inayotawala dunia na sayari nyingine nyingi, na inawatuliza raia wake kwa dawa wanazotiliwa kwenye chakula na maji. Roj Blake aliwahi kuongoza upinzani, akakamatwa, akafutwa kumbukumbu. Katika sehemu ya kwanza kabisa anapelekwa kwenye mkutano wa siri wa wapinzani nje ya mji. Askari wa Shirikisho wanaingia, wamevaa kofia nyeusi zinazoficha uso mzima, na wanawamiminia risasi watu ambao hawana silaha. Blake anaokoka. Anashuhudia tu. Baadaye anasingiziwa kesi ya kudhalilisha watoto ili jina lake lioze, na anapakiwa kwenye meli ya wafungwa.

Sasa tazameni. Tamthilia inafunguliwa kwa watu waliozungukwa na kofia nyeusi, wakauawa, Blake akabaki hai katikati yao. Inafungwa kwa watu waliozungukwa na kofia nyeusi, wanauawa, Blake akiwa tayari ni maiti sakafuni. Mwisho ulikuwa umelala kwenye kurasa za kwanza. Sidai kwamba Nation alipoandika sehemu ya kwanza alijua wataishia wapi. Nasema Boucher alirudi kuitafuta, akaikuta pale ilipo, akaiokota.

Akiwa mfungwa Blake anakutana na watu ambao hakuwachagua. Vila, mwizi, fundi wa kufuli, mwoga na mwenye kupenda kinywaji. Jenna, msafirisha magendo. Na Avon, bingwa wa kompyuta aliyefungwa kwa kujaribu kuiibia benki ya Shirikisho. Avon si mwanamapinduzi. Haamini mapinduzi, haamini watu, na zaidi ya yote hamwamini mtu anayetaka aaminiwe. Paul Darrow alimwigiza kwa sauti ya chini, macho yametulia, kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

Naomba mnivumilie nikae hapa kwa muda, kwani hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Msimu wa pili ulifungwa tarehe 3 Aprili 1979 kwa sehemu iitwayo "Star One". Avon amechoka na vita vya Blake dhidi ya Shirikisho, anataka wamalizane, kila mtu ashike njia yake. Blake amejeruhiwa vibaya. Kabla ya kuachana anamwambia Avon kwamba amemwamini siku zote, tangu mwanzo kabisa. Gareth Thomas, aliyemwigiza Blake, anaitamka bila mbwembwe, kama mtu anayekukabidhi funguo za nyumba. Avon hana jibu. Na baada ya hapo Thomas aliacha tamthilia. Katika msimu wa tatu Blake hayupo. Mtazamaji anabaki na deni hilo moyoni: huyu aliaminiwa, naye hakurudisha.

Halafu angalieni wanavyomfanya Avon katika msimu wa tatu. Kwanza wanamrudishia Anna, mwanamke aliyempenda, ambaye alidhani Shirikisho lilimuua kwa mateso. Kwa miaka yote alibeba kifo kile. Anakuja kugundua kwamba Anna yuko hai, na kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa jasusi wa Shirikisho aliyetumwa kwake. Avon anamuua kwa mkono wake. Ndugu zangu, mtu aliyepitia hayo haponi kwa tangazo la biashara kupita katikati.

Kisha inakuja "Terminal", tarehe 31 Machi 1980, sehemu iliyofunga msimu huo wa tatu. Avon anapata ujumbe kutoka kwa Blake. Hawaambii wenzake. Anaendesha chombo kuvuka anga, halali, hasikii la mtu, mpaka anafika, anamkuta Blake kitandani, anazungumza naye. Blake yule hakuwepo. Ulikuwa udanganyifu uliotengenezwa na Servalan, mtawala wa Shirikisho, ili ampokonye chombo chake. Chombo kinateketea, chombo ambacho watazamaji walikipenda kama walivyowapenda watu.

Kwa hiyo Avon amekwisha kumfuata Blake mara moja, kwa moyo wote, na Blake yule alikuwa mtego. Wekeni hilo akilini.

Kuhusu "Terminal" kuna jambo lingine ambalo ninyi mtalielewa kuliko wengine. Waliitengeneza wakiamini ndiyo ya mwisho kabisa. Wakakichoma chombo kwa sababu hawakuwa na haja nacho tena. Ikarushwa hewani, na wakati majina yanapita mtangazaji wa BBC akatangaza kwamba tamthilia itarudi. Baadhi ya waigizaji wenyewe walilisikia jambo hilo pale pale, wakiwa mbele ya televisheni zao. Sisi tunaoandika bila kujua kama kituo kitatupa msimu mwingine tunaijua hali hii. Wengi wetu tunaitikia kwa kuacha kila kitu wazi: binti hajaolewa, urithi haujagawanywa, daktari hajasoma majibu. Watu wa Blake's 7 walifanya kinyume. Walifunga. Walipoambiwa waendelee, wakaendelea kutoka kwenye majivu, bila kusingizia kwamba moto haukuwaka. Na msimu wa nne ukawa wa watu waliopungukiwa kila kitu, chombo kibovu, pango la kujificha, na kiongozi ambaye imani yake kwa watu imekwisha.

Wiki mbili kabla ya mwisho, tarehe 7 Desemba 1981, ilirushwa "Orbit", iliyoandikwa na Robert Holmes. Avon na Vila wako wawili kwenye chombo kidogo kinachoshindwa kupaa kwa sababu ya uzito. Wanatupa kila kinachotupika. Bado uzito umezidi, na kiasi kilichobaki kupunguzwa kinakaribia uzito wa mtu mmoja. Kompyuta inamtajia Avon uzito wa Vila. Avon anachukua bunduki, anaingia kwenye vijia vya chombo kile, anamwita Vila kwa sauti ya upole kabisa, kwamba aje amsaidie. Vila amejibanza gizani, analia bila sauti.

Wanaokoka wote wawili; Avon anagundua kitu kingine cha kutupa. Lakini hakuna anayesahau. Michael Keating, aliyemwigiza Vila, ndiye pekee aliyeonekana katika sehemu zote 52, na kwa sababu hiyo tulimzoea kama jamaa wa nyumbani. Kumwona jamaa wa nyumbani akimkimbia mwenzake wa miaka minne, hilo lilikuwa maandalizi. Boucher na wenzake walikuwa wanatufundisha, polepole, kwamba mkono wa Avon unaweza.

Sasa twende Gauda Prime, sayari ya sehemu ya mwisho.

Ilikuwa sayari ya wakulima. Yakagunduliwa madini. Ili kampuni za machimbo ziweze kuchukua ardhi, sheria ikaondolewa: sayari nzima ikatangazwa kuwa mahali pasipo na sheria, mkulima akiuawa hakuna kesi. Wahalifu wa kila namna wakamiminika. Baadaye, madini yakishakuwa mikononi mwa wenye nguvu, wanataka sheria irudi, heshima irudi, na kwa hiyo wanawalipa wasakaji wakamate wahalifu walewale kwa donge la fedha. Soolin ni wa huko. Wazazi wake waliuawa huko. Yote haya yanaelezwa kwa mazungumzo machache tu, na mimi kila nikiyasikia nasimamisha kanda. Hakuna pepo mbaya katika maelezo yale, hakuna silaha ya ajabu. Kuna ardhi, kuna madini, na kuna mtu ofisini aliyefuta sheria kwa kalamu. Jambo la kubuni la anga likiandikwa vizuri linakuwa na udongo kiasi hicho.

Blake yuko Gauda Prime. Avon amemtafuta kwa msaada wa kompyuta Orac, kwa kuwa waasi wanahitaji mtu ambaye watu watamfuata. Lakini Blake huyu si yule. Ana kovu lililokatiza jichoni. Anavaa na kuishi kama msakaji wa wahalifu. Anakamata watu ili kuuza vichwa vyao, au ndivyo inavyoonekana. Kwa kweli anakusanya jeshi jipya kwa siri, na kila anayemkamata anampima: anajifanya adui, anamsukuma mpaka ukutani, ili aone ni mtu wa namna gani. Mwenzake Deva, anayeshirikiana naye kwenye kambi, hapendi michezo hii na anamlaumu waziwazi. Blake hawezi kuacha. Naye pia amepoteza uwezo wa kuamini. Yeye aliyewahi kumwambia Avon amemwamini tangu mwanzo.

Siku hiyo anapima watu wawili. Wa kwanza ni Arlen, mwanamke aliyemkuta porini. Arlen anafaulu mtihani, anakaribishwa kambini. Wa pili ni Tarrant, rubani wa Avon, aliyebaki kwenye usukani chombo kikianguka ili wenzake waokoke. Blake anamtoa kwenye mabaki, anampeleka kambini, na akiwa kule anampa mtihani uleule: anajifanya anamuuza. Tarrant anaamini. Anatoroka. Anakimbilia kwa Avon na kumwambia Blake ametuuza sote, hata wewe.

Arlen alikuwa ofisa wa Shirikisho.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Mtihani ule alifaulu jasusi, akafeli rafiki. Na haikuwa bahati mbaya. Mtihani wa namna ile ndivyo unavyochagua. Jasusi amejifunza majibu. Rafiki hakujua kama kuna mtihani. Tarrant alikasirika kwa sababu alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio uliopeleka habari ya uongo kwa Avon. Kila mtu katika mnyororo ule alifanya kile ambacho mtu kama yeye angefanya. Mwandishi hakumsukuma hata mmoja.

Na mtambue nani hayupo. Servalan, adui mkubwa wa misimu yote minne, aliyeigizwa na Jacqueline Pearce kwa namna ambayo mtu ukimwona mara moja humsahau, katika sehemu ya mwisho haonekani kabisa. Hakuhitajika. Nadhani wengi wetu tungemleta. Tungempa hotuba ndefu na gauni jipya. Boucher alimwacha nyumbani, kwa kuwa kazi ya Servalan ilikuwa imekwisha tangu "Terminal": alimfundisha Avon kwamba Blake anayekusubiri ni mtego.

Basi wanakutana chumbani. Miaka miwili na zaidi hawajaonana. Blake anafurahi kumwona, uso wake unafunguka. Anamsogelea. Avon anamwuliza kama ni kweli amewasaliti, na kisha, kwa sauti iliyoshuka, kama amemsaliti yeye. Hapo kuna mtu anayemwuliza rafiki, na nyuma ya rafiki anamwuliza Anna, na anamwuliza yule Blake wa uongo wa kitandani. Ingetosha kujibiwa hapana. Neno moja. Lakini Blake hajibu swali. Anasema Tarrant haelewi. Anasema haya yote ameyapanga yeye. Kwake hiyo ni habari njema, ni jeshi, ni matumaini. Masikioni mwa Avon ni ungamo. Na bado anasogea. Avon anafyatua mara tatu.

Blake hasimami hata baada ya risasi. Anaendelea mpaka anamfikia, anamshika mikono, anatamka jina lake, anateleza chini.

Damu ile, ndugu zangu, ilikuwa na sababu yake. Gareth Thomas alikubali kurudi kwa sharti kwamba Blake afe kabisa, pasiwe na mlango wa kumrudisha. Wakampa damu, tumbo zima. Wengine waliofuata walianguka bila tone. Mary Ridge, aliyeongoza sehemu ile, alizipiga picha za vifo vyao kwa mwendo wa polepole, mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa hawakuvuja damu wapo mpaka leo wanaobishana nani alipona. Paul Darrow alifariki mwaka 2019, Gareth Thomas mwaka 2016, na ubishi ule haujafa. Mimi sishiriki. Kwangu Avon alikwisha pale jina lake lilipotamkwa. Yaliyofuata ni askari tu.

Najua kuna mwenzetu atauliza, na mwaka jana mmoja aliniuliza, kama si ukatili kuwafanyia watazamaji hivyo, tena wiki ya Krismasi. Nimelifikiria swali lake kwa heshima. Naona ukatili ungekuwa kumwua Blake kwa bomu lililoangukia popote, kwa ajili ya kuwastua watu wazungumze kesho yake. Hiyo tunaifanya sana, ajali ya gari kwenye sehemu ya mwisho, na jeneza lenye picha. Katika "Blake" hakuna ajali. Ukimtoa Anna, Avon asingefyatua. Ukiondoa "Terminal", asingefyatua. Ukimfanya Blake awe mtu wa kujibu swali kwa neno moja, kama ambavyo hakuwahi kuwa tangu 1978, wote wanatoka mlangoni wakiwa hai. Walituheshimu kiasi cha kukumbuka kila walichotuambia.

Nimeleta vipande viwili. Cha kwanza ni mauaji ya sehemu ya kwanza, cha pili ni chumba cha Gauda Prime. Mandhari ni ya mbao na mabati yaliyopakwa rangi, mtayaona, msihangaike nayo. Katika kipande cha kwanza mtazameni Blake anavyosimama askari wanapoingia. Katika cha pili achaneni na bunduki. Tazameni miguu ya Avon, jinsi anavyouvuka mwili wa Blake na kusimama, mguu huku na mguu huku, maiti iko katikati, na haondoki hapo hata askari wakiwa wamemzunguka. Anamlinda mtu aliyemuua. Hakuna mstari wa maneno uliotuambia hivyo.

Kijana wangu wa mitambo, zima taa.